Nastaafu Kusuka, Ziwa Moja Nimeliacha Hospitali

Nyie mnaobaki kibandani kwa Da Stumai, hapa Mabibo, haya nawaandikia nyie. Najua hamsomi. Mtafanya kama mnavyofanyaga na meseji za watu, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasuka na kudakia. Sawa tu. Ila nikifika kwenye ziwa msicheke mpaka nianze mie.

Watu wanastaafu na mvi, mie nastaafu na chunusi. Hela siandiki, hazikuwepo. Vyeo navyo siandiki, maana kwenye kusuka vyeo ni viwili tu, wa kukalia ndoo na wa kukalia kiti. Nilianzia ndoo.

Nilikuja Dar kutoka Newala nimemaliza la saba, najua kusuka mabutu ya wadogo zangu na kupiga kelele. Da Stumai, mwenye kibanda, Mzaramo wa hapahapa mjini, hakuniuliza cheti. Alikaa chini, akafumua nywele zake mwenyewe, akanipa kitana cha mkia.

"Gawa njia."

Nikagawa. Akachukua vioo viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, akajikagua kisogo.

"We mtoto, hii njia inaenda wapi? Inarudi Newala?"

Kibanda kizima kikacheka, mpaka mteja aliyekuwa anachovywa rasta kwenye maji ya moto. Nilifumua nikagawa, nikafumua nikagawa, mpaka ngozi ya kichwa cha Da Stumai ikawa nyekundu. Hakulalamika. Jioni akaniambia, "Kesho njoo na vidole vyako. Leo ulikuja na vya kuazima."

Huyo ndo kanifundisha yote. Kubana bila kumvuta mtu macho yakawa ya Kichina. Kuunguza ncha za rasta kwa kiberiti bila kuunguza shingo. Kusuka twende kilioni ikakaa sawa hata kwa mtu mwenye kichwa chenye kona. Na kanifundisha kukaa. Mteja kwenye kigoda chini, we nyuma yake juu kwenye kiti, kichwa chake unakiegemeza kifuani kwako.

"Kifua chako ndo mto," alikuwa anasema. "Mteja akilala, umefuzu."

Wangu walikuwa wanalala. Wanafunzi wa hosteli walikuwa wanakuja na vitabu, eti watasoma huku wanasukwa. Njia ya tatu tu, kitabu kinadondoka. Ila bingwa wa kulala alikuwa Mama Tatu, yule mama lishe wa sokoni. Mnamjua. Anaamka alfajiri kubandika maharage, kwa hiyo akikaa kwenye kigoda ni kama umemzimia swichi. Na kile kichwa! Kizito kama sufuria la wali la msibani. Nilikuwa nakibeba kwa kifua, nasuka, naye anakoroma.

Sasa vifaa. Kitana cha mkia, sindano ya kusukia, kiberiti, mafuta, na sidiria. Msinikodolee macho, sidiria ni kifaa. Dera halina mfuko, mikono ina mafuta, kibandani hakuna kabati. Sasa msusi ataweka wapi vitu? Kushoto nilikuwa naweka simu yangu ya kitochi, kulia rababendi na kiberiti. Nikitikisika nalia kama duka.

Ndo maana siku Mama Tatu aliponiambia, katikati ya usingizi, "Somoe mwanangu, hamisha hiyo simu, inanichoma kisogo," sikuona ishu. Nilisema samahani mama, nikakitoa kitochi kushoto nikakipeleka kulia. Kichwa kikarudi, kukoroma kukaendelea. Huo ndo ujinga wetu wa kazi. Fundi magari angeshtuka mapema, yeye hatembei na spana kifuani.

Nywele zake zikachakaa, akarudi tena kusuka. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akakaa, akalala. Nikagawa njia. Mara akafungua macho.

"Somoe. Si nilikwambia uhamishe simu?"

"Nimehamisha mama."

"Hujahamisha. Iko palepale. Hapa." Akagonga kisogo chake kwenye ziwa langu la kushoto, taratibu, kama mtu anabisha hodi.

Nikainua macho. Kitochi changu kilikuwa ukutani, kwenye chaja, kinawaka taa nyekundu.

Nikaingiza mkono. Mie mwembamba mnanijua, ziwa lenyewe lilikuwa la kubahatisha, hakuna pa kujificha. Kilikuwa pembeni, karibu na kwapa. Kigumu, kimetulia, hakiumi. Kama korosho. Mie mtoto wa Newala, nimebangua korosho tangu sijui kuvaa viatu, najua korosho ikoje mkononi.

"Ni nini?" Mama Tatu akauliza.

"Sijui mama."

"Basi acha. Usinimalizie. Nenda hospitali saa hizi."

"Utatembeaje sokoni na nusu kichwa?"

"Nitajifunga kilemba. Nenda we mtoto!"

Sikwenda. Nilimalizia kichwa. Niliona nikishika tena kitana, basi hakuna kilichotokea. Nikiacha pale, imekuwa kweli. Nilisuka zile njia, Mama Tatu kakaa wima kama askari, hakuegemea tena. Mpaka leo ndo kichwa pekee nilichowahi kusuka pale kibandani kimya kimya.

Asubuhi Da Stumai alifunga kibanda. Da Stumai! Mtu ambaye hajafunga hata siku ya uchaguzi. Tukaenda hospitali ya karibu, wakanipitisha kwenye kile kipimo cha picha cha kupaka jeli, wakaangaliana. Wakinamama, mkipimwa mkaona wataalamu wanaangaliana, msiwaangalie. Wakaniandikia niende hospitali kubwa. Huko nikakutana na Dokta, mwanamke, kijana, sauti ya chini. Alinibonyeza ziwa, akabonyeza kwapa, akasema watachukua kinyama kidogo kwa sindano wakakipime.

"Dokta, kwani ndo kansa?"

"Sijui bado. Na wewe hujui bado. Kwa hiyo tusubiri wote."

Kusubiri. Kama kuna kazi ngumu kwenye hii dunia ni hiyo, na hailipi. Nilikuwa naenda kibandani nasuka, ili vidole viwe na cha kufanya. Kila simu ikilia naruka. Mteja nikimwegemeza kichwa najikuta nimemsogeza kulia. Nilipunguza utani, wakati mie bila utani ni kama chai bila sukari, wenzangu wakawa wananiangalia kama maiti imeomba maji.

Kwenye siku hizo za kusubiri ndo Da Stumai alitufanyia lile jambo. Asubuhi, hakuna mteja, akashusha pazia la mlangoni.

"Sidiria mezani. Wote."

"Da Stumai?"

"Toeni vitu vyote. Simu, rababendi, viberiti, peremende, kila mlichoficha. Vikitoka vyote, mjipapase. Kitakachobaki kigumu humo ndani si mali ya kibanda."

Tukatoa. Meza ilijaa kama soko. Tukasimama tumegeukia ukuta, kila mtu na kwapa lake, tunapapasa, tunaogopa, mmoja akaanza kucheka na wote tukashindwa kujizuia. Hakuna mwingine aliyekutwa na kitu. Nilifurahi kweli. Nilisikia na wivu pia, siwadanganyi.

Majibu yalitoka. Dokta aliniweka kwenye kiti, akavuta kiti chake karibu, nikajua. Watu wa hospitali hawavuti kiti kwa habari njema.

"Ni saratani," akasema. "Ila imewahiwa, Somoe. Ni hatua ya mwanzo. Ni ndogo, haijasambaa kwa tulivyoona. Tukilitoa ziwa sasa hivi na tezi za kwapani, halafu ukapata dawa, una nafasi nzuri ya kupona. Ukikaa, nafasi inapungua. Sikutishi. Nakwambia hali ilivyo."

Nikasema, "Dokta, haiwezi kukatwa ile korosho tu, ziwa likabaki?" Akanieleza kwamba kwangu, pale ilipokaa na nilivyo mwembamba, kubakiza ziwa si salama. Alieleza taratibu mpaka nikaelewa. Kisha akasema nikaongee na watu wangu, nirudi wiki hiyohiyo.

Mtu wangu mkubwa ni mama yangu. Nikampigia Newala. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kitu ambacho nilikuwa naogopa atakisema.

"Wasikuguse na kisu. Kisu kikipita kile kitu kinaamka, kinatambaa mwili mzima. Hapa kijijini walimkata mtu, alimaliza mwaka? Nakuja kukuchukua. Kuna dawa huku, unakunywa, kinanyauka chenyewe."

"Mama, Dokta kasema nikikaa..."

"Dokta kakuzaa?"

Akapanda basi. Akafika na chupa ya dawa ya miti shamba imefungwa na khanga, na macho ya mtu ambaye hajalala njia nzima. Sasa nikawa katikati. Huku Dokta anasema sasa hivi, huku mama anasema twende nyumbani. Na mie nimelelewa, mama akisema twende, unaweka kandambili miguuni. Nikajipapasa, korosho ipo. Nilianza hadi kuiona imekua. Labda ilikua kweli, labda ni woga. Sikuwa najua, na kutokujua ndo kulikuwa kunanimaliza.

Nilimwomba kitu kimoja. Mama, twende wote kwa Dokta, umwambie hayo mwenyewe. Nilidhani akimsikia Dokta mwenyewe akieleza atakubali. Kumbe Dokta hakuhitajika kabisa.

Pale kwenye benchi la kusubiri kulikuwa na mama mmoja mnene, kajifunga khanga, anagawa maji kwa wagonjwa na kuwataniatania. Bi Rehema. Alikuwa analima mchicha Chanika, ila siku za kliniki anakuja kukaa na sie wapya, bila kulipwa, kwa sababu na yeye alipitia hapohapo. Akamwamkia mama, wakaanza kusalimiana zile salamu za watu wazima, za mashamba na mvua. Mama akalegea kidogo. Kisha akamwambia, sauti chini, "Nimekuja kumchukua mwanangu. Wanataka kumkata. Mtu akikatwa inasambaa."

Bi Rehema hakubisha. Akauliza, "Mama, ushawahi kumwona aliyekatwa?"

"Nimewaona wakizikwa."

"Mie je?"

Mama akamwangalia. "We umekatwa?"

"Njooni."

Akatupeleka nyuma ya pazia, pale wanapopima presha. Akafungua blauzi kama mtu anafungua dirisha asubuhi.

"Yallah! Hapa hapa? Bila aibu?" Mama akajifunika macho na ncha ya khanga.

"Aibu niliitoa na ziwa, mama. Angalia."

Mama akashusha khanga kidogo kidogo. Upande mmoja ziwa, upande mwingine ukuta. Tambarare, na mstari mmoja umepita, umekauka, umetulia kama mshono wa fundi mzuri. Nilitarajia kuona kitu cha kutisha. Nilichoona ni kifua cha mama wa watu.

"Walinikata mapema," Bi Rehema akasema. "Mdogo wangu ndo alienda na miti shamba kwanza. Alipokuja hospitali lilikuwa limeshapasuka, linatoa maji. Wenu mliwazika nyie, na mie nilimzika wangu. Hakuuawa na kisu, mama. Aliuawa na kuchelewa."

Mama akanyoosha kidole. Akamgusa ule mshono, polepole.

"Panauma?"

"Panawasha mvua ikikaribia. Majirani wananiuliza mie wapande lini."

Mama hakucheka. Aliendelea kugusa. Kisha akaona kitu kinaning'inia kwenye blauzi, kimfuko cha kitambaa. Bi Rehema akakitoa, akampa akipime uzito. Ziwa la kushona, ndani kajaza ulezi ili liwe zito kama la kweli.

"Shida yake kuku," akasema. "Lilitobokaga siku moja shambani. Walinifuata mpaka barabarani."

Hapo mama akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu ya hospitali, na kile kicheko kikageuka kilio, Bi Rehema kamshika bega, mie nimesimama na ziwa la ulezi mkononi sijui niliweke wapi. Aliponyanyuka alipangusa uso, akaniambia neno moja tu.

"Ingia."

Ile chupa alimpa Da Stumai, ambaye aliimwaga nyuma ya kibanda. Mpaka leo pale hapaoti nyasi.

Siku ya kuingia chumba cha upasuaji nilimwambia yule wa sindano ya usingizi, "Kaka, ni la kushoto. Wakikosea wakakata la kulia, nitarudi nyumbani bila kitu." Akacheka. Mie sikuwa nacheka moyoni, mdomo ndo ulikuwa unafanya kazi peke yake. Niliamka nina bandeji na mrija wa kutoa maji, na mama kakaa pembeni anahesabu tasbihi.

Baada ya hapo dawa za dripu. Sitaki kuwatisha na sitaki kuwadanganya. Ni ngumu. Mdomo unakuwa na ladha ya sarafu, harufu ya kitunguu cha jirani inakutapisha. Mama Tatu alikuwa ananiletea uji mwembamba wa mchele, kitu pekee kilichokuwa kinakaa tumboni. Na nywele zikaondoka. Msusi! Zilikuwa zinatoka kwa mafungu kwenye mto. Nikamwambia Da Stumai anyoe zote kabla hazijaniaga moja moja. Alininyoa mwenyewe, kwenye kile kigoda cha wateja, na alipomaliza akanipaka mafuta kipara kwa heshima kama ana kazi ya harusi.

Nilikuwa nakuja kukaa tu kibandani siku nikiwa na nguvu. Mwanafunzi mmoja wa hosteli, mgeni, akaingia akaniona. "Samahani, we ndo msusi?"

"Ndo mie."

"Na wewe... nani alikusuka?"

"Huyu hapa," nikamwonyesha Da Stumai. "Kazidisha kidogo kwenye kubana."

Dripu zikaisha. Nikapewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka, na masharti ya mkono wa kushoto. Usichomwe sindano huo, usipimwe presha huo, usibebe ndoo na huo, na kila siku utambaze vidole ukutani kwenda juu ili bega lisigande. Nilifanya. Nywele zikarudi, laini kama za mtoto. Nikarudi kwenye kiti changu. Mliokuwepo mnakumbuka, nilisuka kama nimefungiwa mashine, nalipiza siku zote. Kutwa mikono juu. Nilijiona nimeshinda.

Kisha asubuhi moja bangili haikuingia. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba, kuanzia kwapani mpaka vidoleni, mzito, ngozi imevutika inang'aa.

Nyie hamkuniona hivo, maana sikuja kibandani. Nilimwambia Da Stumai kwenye simu neno moja, mkono, na yeye hakuuliza la pili. Niliposubiri mara ya kwanza nilikuwa sijui kitu. Safari hii nilikuwa najua kila kitu. Najua dripu ina ladha gani. Najua mama atapanda basi. Nilikaa kwenye lile benchi nikahesabu vigae mpaka nikavichukia. Bi Rehema alikuwa mashambani siku hiyo, hakukuwa na wa kunitania, na mdomo wangu, huu mdomo, ulikuwa mkavu hauna kitu.

Dokta akaninyanyua mkono. Akabonyeza kwapa, shingo, mshono, ziwa lililobaki. Anarudia. Akatoa futi ya fundi cherehani akapima mkono huu, akapima ule. Akanipeleka kwenye picha. Nikarudi. Akavuta kiti chake karibu.

Nikafumba macho.

"Somoe, unafanya kazi gani?"

"Nasuka."

"Saa ngapi kwa siku?"

"Kutwa."

"Mikono iko juu?"

"Sasa Dokta, nitasuka iko chini?"

Akashusha pumzi. "Haijarudi. Hakuna kitu humu. Zile tezi tulizotoa ndo zilikuwa zinapitisha maji ya mkono, sasa unauchosha na maji hayana njia. Tutakufunga bandeji, utafundishwa kuukanda, utapungua. Lakini kusuka hivo, basi. Itabidi utafute kazi nyingine. Pole sana."

Alisema pole kwa huruma kabisa, kanishika bega. Kumbe mie nimemkumbatia, nalia kwenye koti lake jeupe, namwambia asante Dokta, asante kwa kunifukuza kazi, na yeye anashangaa ni mgonjwa gani huyu.

Nilirudi Mabibo mkono umefungwa bandeji nene kama mguu wa tembo. Nikasimama mlangoni kibandani. Da Stumai alikuwa katikati ya kusuka kichwa cha mwanafunzi mmoja. Akaniona, vidole vikaganda.

"Imerudi?"

"Haijarudi. Ni mkono tu. Dokta kanikataza kusuka."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Maisha?"

"Maisha yangu yote, Da Stumai. Kasema yote."

Akaweka kitana chini. Akapeleka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia sokoni. Wasusi wote wakadakia, vitana juu, mmoja anagonga ndoo. Yule mwanafunzi akakurupuka kutoka usingizini.

"Jamani, nani anaolewa?"

"Haolewi mtu!" Da Stumai akasema, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. "Somoe hana kazi!"

Wakapiga tena.